Waraka kwa Wanachama: Mito Yetu Baada ya Masika

Kwa wanachama wote wa chama chetu cha wavuvi wa trauti, mlioko Nairobi, Nyeri, Nanyuki na mlio ng'ambo kwa sasa.

Ndugu wanachama,

Mvua za masika zimepungua, na maji ya Gura, Chania, Thego na Mathioya yameanza kutakata. Najua wengi wenu mmekwisha kutoa fimbo za kuvulia kabatini na kufunga nzi wapya wa manyoya. Kabla hamjashuka mtoni, kamati imenituma niwaandikie juu ya mambo yaliyotufikia msimu uliopita, ambayo tusipoambiana sisi kwa sisi tutakuja kuambiwa na wengine kwa ukali zaidi.

Malalamiko yametoka pande tatu: kwa wanachama wenyewe, kwa askari wa malango ya hifadhi, na kwa wakulima wa majani chai ambao tunapita mashambani mwao kila tunapoifuata mito. Mmoja anasema kilindi alichokuwa akikivua kiliingiliwa na mwenzake bila hata salamu. Mwingine ameona samaki wadogo wasiofika hata shubiri wamefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mama mmoja wa shambani ametuuliza kwa upole kwa nini wageni wetu wanaacha lango lake la ng'ombe wazi. Yote haya yana mzizi mmoja. Mito yetu ni midogo, iko ndani ya misitu na mabonde, na mara nyingi hakuna anayetutazama. Mvuvi akiwa peke yake kwenye kilindi kilichozungukwa na mianzi, afisa wa uvuvi yuko mbali. Anayelinda mto saa hiyo ni mvuvi mwenyewe na mtu anayeishi ukingoni. Waraka huu unawahusu hao wawili.

Aliyezoea kuvua Ziwa Victoria au bahari ya Malindi huenda asione uzito wa trauti mmoja. Lakini sehemu nyingi za mito hii mtu mzima anazivuka kwa hatua chache. Maji ya mlimani ni baridi na safi, ila chakula chake ni haba, na samaki wakubwa wa kilindi kimoja unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono. Jike wa kilo moja hubeba takriban mayai 1,500 hadi 2,000. Ukimwondoa, umeondoa na hayo. Mvuvi mmoja mwenye tamaa na wikiendi mbili mfululizo anaweza kukifanya kilindi kizuri kiwe maji matupu, na sisi tutakaofika baadaye tutalaumu mawingu.

Basi tuanze na samaki akiwa mkononi, maana hapo ndipo wengi tunajiona hodari kuliko tulivyo.

Kazi inaanza kabla hujarusha mshipi. Bana kijino cha ndoana kwa koleo mpaka kilale. Ndoana isiyo na kijino hutoka kwa kugeuzwa tu, na samaki hapotei mradi mshipi umekazwa. Funga uzi wa mwisho wenye nguvu ya kutosha. Wapo wanaojisifu kwa uzi mwembamba mno, lakini gharama ya sifa hiyo analipa samaki: anapigana muda mrefu, misuli inajaa asidi, na hata akirudishwa majini akiwa hai anaweza kufa usiku huo chini ya jiwe, mahali ambapo hatumwoni. Akifika karibu, lowesha mikono kwanza. Mkono mkavu unamvua ute unaomfunika, na ute huo ndio kinga yake dhidi ya ukungu na vijidudu. Mwache ndani ya wavu, wavu uwe ndani ya maji, kichwa kielekee mto unakotoka. Usimbane tumbo, wala usitie kidole kwenye matamvua. Toa ndoana; lakini kama ameimeza sana, kata uzi karibu na mdomo uiache humo. Kisha mshikilie taratibu, bila kumsukuma mbele na nyuma, mpaka uone mashavu yanafunguka na kujifunga kwa mpigo ulio sawa na usikie mkia unakisukuma kiganja chako. Ataondoka mwenyewe.

Picha ndizo zinazotuponza siku hizi. Samaki ananyanyuliwa juu, mwenzako anatafuta simu mfukoni, simu inafunguliwa, jua liko upande mbaya, watu wanageuka, na muda wote huo kiumbe yule yuko nje ya maji baada ya mbio kali. Mwaka 1992 watafiti wawili wa Kanada, Ferguson na Tufts, waliwachosha trauti wa upinde wa mvua kwenye maabara kisha wakawapima. Waliorudishwa majini moja kwa moja walikufa 12 katika kila 100. Waliowekwa hewani kwa nusu dakika walikufa 38. Waliokaa hewani dakika nzima walikufa 72. Samaki wale walikuwa wamepasuliwa kuwekewa mirija ya kutolea damu, kwa hiyo mtoni hesabu yaweza kuwa nafuu; lakini kila sekunde ya hewani ina bei, na bei inapanda haraka. Kamati inaomba hivi: simu iwe tayari kabla samaki hajatoka majini, atoke mara moja tu huku maji yakimdondoka, na apigwe picha kabla hujavuta pumzi ya pili. Picha isipotokea vizuri, basi. Mwacheni aende.

Jambo jingine ni joto la maji. Trauti ni samaki wa baridi. Maji yakipanda joto, hewa ya oksijeni iliyoyeyuka ndani yake inapungua wakati samaki mwenyewe anaihitaji zaidi. Katika miezi ya kiangazi, Januari mpaka Machi, sehemu za chini za mito yetu hupata joto alasiri. Nunueni kipimajoto kidogo mkitie kwenye mkoba. Maji yakifika nyuzi 20, fungeni mishipi mrudi nyumbani, au pandeni juu kwenye msitu ambako kivuli kinayaweka baridi. Kumvua trauti katika maji ya joto kisha kumwachia ni kumwua kwa adabu, na sisi hatutaki adabu ya namna hiyo.

Chama hakimkatazi mtu kula samaki. Trauti aliyekaangwa kwa siagi kando ya moto ni neema, na wala sikubaliani na wale wanaotaka kuifanya dhambi. Ila anayechukua achukue wachache, wa wastani, wa chakula cha siku hiyo. Wakubwa wanaotaga waachwe. Atakayemchukua amwue papo hapo kwa pigo moja la kichwa, asimwache akitapatapa kwenye nyasi huku yeye anarusha tena. Asiuze. Na akirudi nyumbani ale, maana tumesikia habari za samaki waliooza kwenye jokofu.

Chungeni pia miguu yenu. Jike anapotaka kutaga hulala ubavu, akaipiga changarawe kwa mkia mpaka shimo litokee. Akishataga na dume akamwaga manii, anafukia kwa changarawe za upande wa juu. Mayai hukaa humo. Kwa trauti wa upinde wa mvua, maji yakiwa na nyuzi 10, ni kama mwezi mmoja mpaka yaanguliwe, na vifaranga huendelea kukaa chini ya mawe kwa wiki kadhaa baada ya hapo. Kitanda hicho unakitambua: ni sehemu ya changarawe iliyotakata na kung'aa kuliko mawe yanayoizunguka, mara nyingi mwishoni mwa kilindi maji yanapoanza kukimbia. Usipite hapo. Buti moja linaponda kizazi kizima, na aliyeponda hajui.

Kuhusu leseni nitasema machache, kwa kuwa hakuna mwanachama asiyejua. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 inakataza sumu, baruti na umeme, na uvuvi wa burudani unahitaji leseni. Ndani ya hifadhi za Mlima Kenya na Nyandarua, ada ya kuingia ni mbali na leseni ya kuvua. Kulipa moja hakukusamehe nyingine. Palipowekewa sharti la nzi bandia, mnyoo usiingie hata kama samaki wamegoma asubuhi yote. Masharti hubadilika, kwa hiyo ulizeni ofisi ya uvuvi ya kaunti au lango la hifadhi kabla ya safari, si baada ya kukamatwa. Na askari akikuomba karatasi, mpe kwa heshima. Analala msituni penye baridi na tembo ili wewe upate mto.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika waraka huu.

Trauti si samaki wa nchi hii. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven kule Scotland, yakaja kwa meli na kwa garimoshi, na mwisho yakabebwa na wapagazi kupanda Nyandarua hadi kwenye mto Gura. Trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni Amerika ya Kaskazini na mashariki ya Urusi, aliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1910. Jina la Grogan limeandikwa katika vitabu vya uvuvi wa Kenya. Majina ya wapagazi hatujayaona yameandikwa. Baada ya hapo mito ile ikahesabiwa kuwa mahali pa burudani ya walowezi, na mjukuu wa mpagazi aliyeonekana na ndoana kwenye kilindi aliitwa mwizi. Kumbukumbu hiyo haijafutika katika vijiji vya Nyeri na Murang'a. Mwanachama akipita katikati ya majani chai amevaa buti ndefu na miwani ya jua, akapita bila kusema neno, anayemtazama anaona jambo ambalo babu yake alimsimulia.

Ndiyo maana salamu si jambo dogo. Ukikuta watu wanachuma chai, simama. Sema "wimwega", salamu ya Kikuyu, au habari za kazi, eleza unakokwenda, omba njia. Mzee akiwepo nyumbani, mfikie kwanza. Funga lango kama ulivyolikuta. Usikate ua, usivuke katikati ya viazi vichanga. Mnunulieni mwenye shamba mayai, au maziwa, au mwajirini kijana wake awe mwongozaji na mumlipe malipo ya haki bila kuvutana. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Gura angeuliza amepona nini kutokana na sisi. Tuwe na la kumjibu.

Na yule kijana wa kijijini mwenye ufito wa mwanzi na mnyoo kwenye kopo, msimdharau. Yeye anaujua mto kuliko sisi: anajua maji yalipanda mpaka wapi Aprili, anajua kilindi kipi kimejaa mchanga, anajua ni nani aliyemwaga dawa ya shambani kwenye kijito. Kama anavua mahali ambapo sheria imekataza mnyoo, mkae naye chini, mfundishe kufunga nzi aitwaye Kenya Bug kwa uzi mweusi na manyoya ya kuku wa mama yake, mpe ndoana. Nzi huyo mweusi ametumiwa katika mito hii kwa miongo mingi na hahitaji vifaa vya ng'ambo. Kijana aliyefundishwa na kuheshimiwa atakuwa mlinzi wa mto kwa miaka yote ambayo sisi hatupo. Aliyefukuzwa kwa matusi atarudi usiku na sumu. Chama kimeamua kwamba kila safari ya pamoja itakuwa na nafasi kwa vijana wawili wa mahali pale, bila ada, na vifaa vitatoka kwenye sanduku la chama. Wenye fimbo za akiba wazilete.

Kati yetu wenyewe, adabu ni ile mnayoijua, lakini inalegea. Aliyetangulia kwenye kilindi ndiye mwenye kilindi mpaka aondoke au akukaribishe. Tunapanda kwenda juu, kwa sababu trauti hutazama maji yanakotoka; kwa hiyo usimpite mwenzako ukaingia majini mbele yake, maana utakuwa umemfukuzia samaki wote. Zunguka mbali na ukingo, mwachie vilindi kadhaa. Ukimkuta mzee amekaa kwenye jiwe hajarusha, usidhani amemaliza. Huenda anakipumzisha kilindi. Muulize. Aliyeishiwa nzi apewe, aliyeteleza ashikwe mkono, na aliyerudi mikono mitupu asichekwe kwenye moto wa jioni. Asiyetaka kutaja kilindi chake asilazimishwe. Wageni wanaotutembelea nao wapewe mahali pazuri, si pale tulipokwisha kuvua sisi asubuhi.

Nirudi kwenye maji, kwa sababu bila maji haya yote ni maneno. Naro Moru, Burguret na Nanyuki hushuka kutoka Mlima Kenya kwenda Ewaso Ng'iro, na wakati wa kiangazi maji yao huchotwa sana kwa mashamba hivi kwamba chini kabisa mto hubaki mawe. Anayeumia kwanza ni mfugaji wa Isiolo na Samburu, kabla ya mvuvi. Upande wa kusini, udongo wa mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni na wa barabara mpya huteremka na mvua, ukaziba nafasi kati ya changarawe, na mayai ya trauti hukosa hewa. Kituo cha Kiganjo kinaweza kutotolesha vifaranga na kuvipeleka mitoni, lakini kifaranga hakiwezi kuishi kwenye tope. Jumuiya za watumiaji wa maji zinatambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016. Kila mwanachama anayevua mto mmoja mara kwa mara ahudhurie mikutano ya jumuiya ya mto huo. Akae nyuma, asikilize, na akiombwa aeleze alichokiona. Sisi tunapita mahali ambapo wengine hawafiki, kwa hiyo tunaona bomba jipya au ukingo uliobomoka kabla ya ofisi yoyote.

Wapo wanaotuuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini tumlinde samaki wa kigeni. Trauti wa kahawia na wa upinde wa mvua wote wawili wamo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani iliyotolewa na shirika la uhifadhi IUCN. Trauti anakula kaa wa mtoni, watoto wa kereng'ende na wadudu wengine waliokuwapo kabla yake. Hilo hatulikatai. Jibu letu ni mipaka: abaki pale alipo. Mwanachama yeyote asibebe trauti hai, hata kifaranga kimoja, kumpeleka kwenye kijito au bwawa ambako hayupo. Sheria imekataza, na sisi tungekataza hata kama sheria ingenyamaza. Vilevile mnaorudi kutoka kuvua Scotland, Afrika Kusini au New Zealand, osheni na mkaushe kabisa buti na nyavu kabla ya kuingia mito yetu. New Zealand ilipiga marufuku buti zenye soli za sufi mwaka 2008 baada ya mwani wa didymo kusambaa katika mito yake ya kusini, kwa sababu soli hizo hubaki na unyevu na kubeba mwani kutoka mto hadi mto. Wenye buti za aina hiyo wazibadilishe msimu huu.

Tunachokilinda hasa ni maji baridi, safi, yanayotiririka mwaka mzima. Maji yanayomfaa trauti ndiyo anayokunywa mtoto wa Karatina na ndiyo yanayozungusha mitambo ya umeme ya mto Tana huko chini.

Kamati inawaomba mambo mawili tu kabla ya safari ya kwanza. Kila mmoja alete leseni yake ya mwaka huu kwa katibu ikaguliwe. Asiye nayo hatapangiwa mto. Na kila mmoja achague mto mmoja atakaoutunza, aandikishe jina lake, na ajulishe chama siku hiyohiyo anapoona maji yamebadilika rangi, samaki wamekufa au ukingo umechimbwa. Thego na Ragati bado hazina mtu. Tunahitaji wawili kwa kila mto, na tunawahitaji kabla ya mwisho wa mwezi.

Wenu katika uvuvi,

Katibu, kwa niaba ya kamati